Bikoni Namba Nane

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wiki ya mazoezi imeanza. Mwalimu wa vitendo amesimama mbele ya darasa na kofia pana kichwani na filimbi shingoni, akatangaza kwamba nadharia imekwisha, sasa tutajifunza kwa mikono. Mikono yangu naijua. Haijawahi kujifunza kitu.

Kazi yenyewe ni kupima mpaka wa kiwanja cha idara yetu, Idara ya Upimaji Ardhi. Mpaka una bikoni kumi na mbili, yaani vinguzo vya zege vilivyochimbiwa ardhini, kila kimoja na namba yake. Unaanzia bikoni ya kwanza. Unapima umbali na pembe hadi ya pili, kisha ya tatu, unazunguka kiwanja kizima mpaka unarudi ulikoanzia. Halafu unapiga hesabu. Kama ulipima sawasawa, hesabu nazo zinarudi pale pale. Zikipishana sentimita mbili tatu, unasamehewa. Zikipishana zaidi, unarudia mwaka.

Mwaka jana zangu zilipishana mita thelathini na moja. Kwa hesabu zile, nilianzia getini nikaishia juu ya paa la maktaba. Nikakubali kurudia. Mara hii hakuna kurudia tena, barua ya ofisi imesema wazi. Nikianguka nafunga mizigo. Na nikifunga mizigo nitamtazamaje shangazi? Yeye ndiye aliyenilea, kwa cherehani yake moja, na ameshautangazia mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yake ni injinia.

Tumepangwa wawili wawili. Mwenzangu ni Sentimita. Jina lake halisi lipo kwenye rejista, lakini hakuna anayelitumia tangu siku alipopima nafasi kati ya madawati na kumwonyesha mwalimu kwamba safu ya tatu imepinda.

Mpango wangu: yeye apime, mimi niandike. Kuandika najua. Nimemweleza kwa upole. Akasema tutafanya vyote kwa zamu. Nimekubali kwa mdomo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bahati imenitembelea. Sentimita kavimba shavu. Jino.

Tulifika bikoni ya saba, yeye akichungulia kwenye ile darubini ya miguu mitatu huku ameshika shavu kama ameficha limau ndani. Pale akashindwa. Akanikabidhi daftari la vipimo, limepigwa mistari kwa rula, safi kama kitanda cha hospitali. Akaondoka kwenda kwa daktari wa meno. Maneno yake ya mwisho, bila kufungua meno: zimebaki tano, na nisikadirie.

Nikabaki peke yangu. Kupima kunataka watu wawili, mmoja wa kuchungulia, mmoja wa kusimamisha fimbo yenye rangi kule mbele. Nikamwendea mtunza vifaa wa stoo, nikamwomba anishikie fimbo. Akasema yeye anatunza, hashiki.

Haya. Nikaangalia bikoni ya nane ilipo. Iko nyuma ya jengo la Idara ya Mimea, majirani zetu, katikati ya mizinga mitatu ya nyuki ambayo wanafunzi wao wanajifunzia. Imezingirwa na nyuki kuliko sukari. Nilisimama mbali nikaitazama, nao wakanitazama.

Nikapima kwa hatua. Hatua zangu ni ndefu na za kuaminika, isipokuwa kandambili ya kushoto imekatika, kwa hiyo ule mguu ulikuwa ukiburuta. Hilo nimelifidia kwa macho.

Saa kumi alasiri nikapiga hesabu. Zimepishana mita nne na sentimita kumi na tatu. Si mbaya, ukikumbuka mwaka jana. Lakini ni nyingi kuliko huruma ya mwalimu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kosa lote nikaliweka bikoni ya nane. Nikaisogeza kwenye karatasi, mita nne na ushee upande wa majirani, na hesabu zikarudi nyumbani kama kondoo. Tofauti: sifuri. Na hakuna atakayekwenda kuhakikisha, kwa sababu ya nyuki.

Nimelala usingizi wa jioni, kwa mara ya kwanza bila hofu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimewasilisha kazi. Mwalimu wa vitendo akaitazama. Akavua kofia. Akasema miaka kumi na minane amefundisha hapa na hajawahi kuona sifuri. Akaenda nayo ofisini kwa Mkuu wa Idara.

Baada ya nusu saa nikaitwa. Nilitembea lile korido nikitunga maneno ya kumwambia shangazi. Mkuu wetu ni mtu mrefu, mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko, na ramani yangu alikuwa ameitandaza mezani. Akanyanyuka. Nikafumba macho. Akanipa mkono.

Akasema kwa miaka kumi na mmoja moyo wake umekuwa ukimwambia kwamba watu wa Mimea wamekula ardhi yetu, ila hakuwa na ushahidi. Leo ameupata. Kwa ramani yangu, mpaka unaingia kwenye jengo lao kupitia dirishani, unakatiza korido, kisha unapita katikati ya ofisi ya Profesa wa Mimea. Meza ya Profesa iko kwao. Kiti chake kiko kwetu.

Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Lakini Mkuu alikuwa ameshanivika kofia ya idara, ile wanayopewa wahadhiri, akaniambia nile chakula cha mchana kwenye kantini ya walimu. Ukishakalishwa kwenye kiti chenye mto, kusema inakuwa kazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Barua imekwenda Mimea saa mbili asubuhi. Jibu limerudi saa tatu, mstari mmoja: Profesa anashukuru kwa taarifa na kiti chake hakiondoki.

Mkuu akaagiza rangi nyekundu. Akaagiza mwaka wa kwanza wote waje kujifunza kwa vitendo. Akaagiza mimi nishike brashi.

Nikapiga mstari kwenye korido la watu. Nikaupitisha juu ya kabati la majani yaliyokaushwa. Nikaupitisha chooni, na huko mambo yakawa magumu, maana mlango ulibaki upande wetu na bakuli likabaki upande wao. Mkuu akasema ufunguo basi uwe wetu. Mtu wa Mimea akauliza ufunguo bila choo una faida gani. Mkuu akamjibu kwamba choo bila ufunguo kina faida ndogo zaidi.

Mwisho nikaingia ofisini kwa Profesa. Mama mdogo wa umbo, miwani imening'inia kwa uzi, ameketi kwenye kile kiti. Nikaomba samahani, nikapitisha mstari chini ya viatu vyake. Akainua miguu yote miwili ili nisimpake rangi. Akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenitukana.

Sentimita amerudi. Jino limeng'olewa, ameamriwa asizungumze kwa siku kadhaa, kwa hiyo anaandika kwenye vipande vya karatasi. Cha kwanza kiliuliza niliwezaje kusimamisha darubini katikati ya nyuki. Nikamjibu kwamba nilibana pumzi. Cha pili kiliuliza daftari liko wapi. Nikamjibu liko kwa Mkuu, ni waraka wa siri sasa. Cha tatu hakikuwa na neno, alichora duara tu. Nadhani ilikuwa sifuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Watu wa Mimea wamejibu kwa vitendo. Wamegundua kwamba mizizi ya mti wao mkubwa inapita chini ya darasa letu. Tangu asubuhi wanafunzi wao wamejaa humo na rula, wanafuatilia nyufa za sakafu, wanaandika. Mwalimu wa vitendo alipowafukuza wakasema hawako darasani kwetu, wako juu ya mizizi yao.

Mkuu naye akapata wazo. Kwa kuwa kiti cha Profesa kiko katika idara yetu, basi anayekikalia yuko katika idara yetu. Akampelekea rejista ya mahudhurio asaini kila asubuhi, na ratiba ya vipindi viwili. Alidhani ataona haya ahame.

Profesa akasaini. Saa nne akavuka uwanja, akaingia darasani kwetu na ndoo ya miche na matofali mabichi, akatufundisha saa nzima jinsi mmea mdogo unavyoweza kuivunja nyumba kwa subira. Kila mmoja alishika tofali lake. Hakuna aliyesinzia. Mwishoni wenzangu walimwomba arudi Jumatatu.

Mkuu alikuwa amesimama dirishani nje. Suti yake ilikuwa kama imekunjamana kidogo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nyumbani. Shangazi amenishonea koti la kazi, lina mifuko tisa. Mfuko wa penseli, mfuko wa tepu, mfuko wa leso. Alikuwa analishona kwa siri tangu mwezi uliopita. Akanivalisha mwenyewe, akanizungusha kama mtoto, akamwita jirani aje kuona.

Habari za sifuri zimeshafika mtaani. Sijui nani kazileta. Fundi viatu wa ng'ambo ya njia akaniomba nimpimie ukuta. Nikamwambia mimi napima viwanja vya taasisi tu.

Tulipobaki wawili shangazi akaniuliza, pini mdomoni, "Mwanangu, huo mpaka uliupima, au uliutupia jicho?"

"Niliupima, shangazi."

"Kwa tepu?"

"Kwa vifaa vyote."

Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake mdogo moja moja, akasema basi sawa. Sikula vizuri. Koti lilikuwa linanikaa sawasawa kila mahali.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Balaa. Profesa aliwaandikia wakubwa wa chuo. Ofisi ya Majengo ya chuo inamtuma injinia wake kesho saa nne. Ataipima bikoni ya nane mwenyewe, mbele ya idara zote mbili.

Nikatafakari. Ramani inasema bikoni iko ndani ya jengo. Bikoni yenyewe iko nje. Kimoja lazima kihame. Ramani imeshasainiwa na Mkuu. Kwa hiyo ni bikoni.

Mpango: saa saba, wote wakiwa wanakula, niichimbue niipeleke ndani. Nikachukua jembe na toroli kwenye banda la bustani. Kwa ajili ya nyuki nikajifunika pazia la neti la shangazi, lile la maua la sebuleni, nililoondoka nalo asubuhi chini ya koti.

Sikujua bikoni ina urefu gani. Juu inaonekana kama kopo. Chini inaendelea. Nilichimba mpaka kiunoni. Nyuki walivumilia dakika kumi za mwanzo, nafikiri kwa heshima ya pazia, kisha mmoja akaingia kwa chini na kuwaita wenzake. Nilifanya kazi iliyobaki kwa kasi ambayo mwalimu wa vitendo angeifurahia.

Bikoni ikatoka. Nikaipakia. Nikageuka, na mfuga nyuki wa Mimea alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Ni mzee mmoja taratibu, anayezungumza na nyuki zaidi kuliko na watu. Akanitazama, mimi na pazia langu na zege langu. Akawaambia nyuki watulie, mgeni anaondoka.

Ndani nikakutana na tatizo ambalo sikulitarajia. Sakafu ya korido ni saruji. Bikoni haichomeki. Nilibaki nimeikumbatia kama ndugu niliyempoteza, nasikia sahani zinakusanywa kule kantini. Basi nikaona chungu kikubwa cha maua, cha udongo, kimesimama hatua tatu tu kutoka kwenye mstari. Nikakiburuta mpaka kwenye mstari. Nikang'oa mmea, nikaisimamisha bikoni, nikaurudisha mmea ubavuni mwake, nikashindilia udongo.

Kwa mbali inapendeza.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sina budi kuandika yote, ingawa jicho la kulia limefunga na midomo imekuwa kama ya mtu mwingine.

Injinia wa Majengo alifika saa nne kamili. Mtu mnene, mpole, na kalamu nyuma ya sikio. Korido lilijaa, wapimaji upande huu wa mstari, watu wa Mimea upande ule. Mkuu alikuwa na tai mpya.

Injinia akauliza, "Bikoni namba nane iko wapi?"

Nikanyoosha kidole.

"Kwenye chungu cha maua?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akachuchumaa. Akaigonga kwa kalamu. "Ni bikoni kweli," akasema. "Iko humu tangu lini?"

Nikasema tangu zamani sana.

Profesa akavaa miwani yake, akagusa jani moja. "Huu mmea niliumwagilia jana asubuhi," akasema. "Hapakuwa na zege."

Nikasema labda imeota.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mkuu alinitazama kama mtu anayeshuka ngazi na kukuta moja haipo. Hapo Sentimita akapita katikati ya watu. Nilitegemea kipande cha karatasi. Kumbe mdomo umepona.

"Mheshimiwa, mimi ni mwenzake," akamwambia injinia. "Jumamosi nilikuja na mfuga nyuki, akawapulizia moshi. Tulipima bikoni zote kumi na mbili. Hii ilikuwa bado nje, mahali pake. Tofauti ni sentimita tatu."

Akatoa daftari jipya. Nalo limepigwa mistari kwa rula. Injinia akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akamuuliza kama kuna lolote Mimea wamelichukua.

"Hakuna. Ila upande wa pili, karibu na bikoni ya tano, ukuta wa ofisi ya Mkuu wetu umeingia kwa Mimea sentimita arobaini na moja."

Mkuu akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama amekadiria. Sentimita akasema amepima mara tatu, na anaomba radhi.

Basi nikakiri. Hatua, kandambili, nyuki, karatasi, toroli. Nilipofika kwenye pazia, mfuga nyuki aliitikia kwa kichwa kuthibitisha. Mwalimu wa vitendo alishika filimbi yake bila kuipuliza. Injinia akasema adhabu ni juu ya idara, yeye ataandika tu kwamba bikoni ilikuwa matembezini.

Mkuu alianza kusema neno kufukuzwa. Alilifikisha nusu. Profesa akamkatiza, taratibu kama anavyofanya kila kitu. Akasema kijana huyu amechimba shimo la kiuno na kubeba zege peke yake katikati ya nyuki. Bidii anayo, tatizo ni inakoelekea. Akaomba apewe yeye mpaka mwisho wa muhula. Mkuu akatazama sakafu, akatazama ule mstari wangu, halafu akakubali. Nadhani aliwaza juu ya zile sentimita arobaini na moja.

Hukumu: nisugue rangi yote nyekundu. Niirudishe bikoni mahali pake huku Sentimita akiniongoza. Nirudie mazoezi wakati wa likizo. Na hadi likizo, kila siku, nifanye vitendo kwa mfuga nyuki.

Kofia ya idara nimeirudisha.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Bikoni imerudi. Sentimita alinisogeza mara kumi na saba. Kushoto kidogo. Zaidi kidogo. Umepita. Tulipomaliza akanipa chupa yake ya maji, akasema angerudi tupime pamoja kama ningemwambia siku ile ile kwamba naogopa nyuki. Nikamwambia siogopi nyuki. Akaniangalia jicho lililofunga.

Jioni shangazi alikuwa ameliona pazia. Alilitandaza magotini, akahesabu matundu, akaanza kuliziba.

"Mimi nikikata nguo kwa jicho, mteja anairudisha," akasema. "Anavua mbele yangu, ananiachia mezani. Wewe ulifikiri ardhi haitarudishwa?"

Nikamwambia nimeelewa. Akasema koti nisilivue, alilishonea kazi, na kazi bado ipo. Alisema hivyo bila kunitazama, akaendelea na sindano.

Niliona aibu kuanzia saa kumi na mbili mpaka chakula kilipoiva. Nimeapa. Nitakuwa mtu wa vipimo vya kweli.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kazi ya nyuki ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Mfuga nyuki kanipa kiti, daftari na saa. Kila baada ya saa moja nihesabu nyuki wanaotoka mzingani kwa dakika kumi, mzinga mmoja baada ya mwingine. Profesa anazihitaji namba hizo kwa utafiti wake, amesema ananitegemea.

Mzinga wa kwanza nilihesabu kweli. Nilifika sitini na tano, wawili wakatoka pamoja, mmoja akarudi, sikujua kama nimtoe. Nikaandika 388.

Mzinga wa pili nikautazama kutoka kitini. Nikaona niwe mwangalifu. Kosa la wiki iliyopita nimelitambua vizuri: niliandika sifuri. Sifuri inamshtua mtu. Namba nzuri ni ile isiyo na sura. Nikaandika 412.

Saa tisa mfuga nyuki akaja na chai, akasoma daftari. Akaurudia mstari wa pili. Akaniambia, bila kukasirika, kwamba mzinga wa pili ni mtupu, nyuki wake walihama tangu mwaka jana, na Profesa atakuja kuyaona matokeo Jumatatu.

Nikamwambia labda wamerudi.

Akanywa chai yake yote kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitawahi, kabla hajafika. Toroli bado najua linakokaa. Nitahamisha wachache kutoka mzinga wa kwanza kwenda wa pili. Haiwezi kuwa kazi kubwa. Ni mia nne na kumi na wawili tu.